Miwani ya Mlima Mtupu

Nalotuesha alikuwa akipuliza moto mgeni alipoingia uani kwake, akaketi kwenye kigoda cha marehemu mumewe, ambacho hata wanawe hawathubutu kukikalia.

“Inuka! Huna adabu?”

Alijichosha bure. Kila mtalii anayepanda njia za Mlima Kulal huvishwa miwani inayowafuta wenyeji, sura na sauti, eti mlima uonekane mtupu kama matangazo yanavyoahidi!

Nalotuesha akamwona binti yake Naisula, anayeongoza wageni, akipandisha mteremko.

“Mwanangu, mwondoe huyu mtu kwenye kiti cha baba yako!”

Naisula, naye amevaa miwani ya kazi, akampita mama yake bila salamu, akamtazama mgeni na kutabasamu.

“Pumzika tu. Hapa hapajawahi kuishi mtu.”