Sala ya Atupele

Tangu kipindi cha dini kikabidhiwe kwa Mlezi, mashine inayozungumza masikioni mwa watoto, kazi yangu darasani ni kuita majina na kufuta ubao. Wanafumba macho, wanatabasamu. Nilipowasimulia Danieli na simba, hawakuwahi kutabasamu hivyo. Hata Atupele, mwanangu wa kumzaa.

Jana mezani nilimwambia aombee chakula. Akanong'ona, midomo ikichezacheza.

"Sali kwa sauti, mwanangu, nami nisikie."

"Namwambia Mlezi, mama. Yeye ndiye anayepeleka kwa Mungu."

Nikampakulia maharage. "Na mimi unaniombea?"

"Kila siku. Nilimwambia unamwonea wivu."

Mwiko ulibaki mkononi. "Akasemaje?"

Atupele aliinamia sahani yake.

"Amesema nisikuambie."