Mkwaruzo Ulionyooka

Fundi alipoinua kifuniko cha diski ya kuhifadhia picha, aliyaacha maneno ya pole aliyokuwa ameyaandaa, akainama kutazama.

"Imekufa?" mjane akauliza. Mle ndani mlikuwa na picha za kamera ya duka lao, za siku mumewe alipoanguka ngazini.

"Si nilishakwambia ilinidondoka, shemeji?" akadakia mdogo wa marehemu, mkono mfukoni, akichezea funguo zake. "Tusimpotezee fundi muda."

Fundi akaisogeza taa. Diski zilizodondoka alishaziona mpaka basi. Kichwa cha kusomea, kile kijisindano cha ndani, huigusa sahani inayobeba picha huku inazunguka kwa kasi, kwa hiyo kidonda chake siku zote huwa duara, kama alama ya kikombe mezani. Mkwaruzo huu ulikuwa umenyooka kama rula, kutoka katikati hadi ukingoni. Ulipochorwa, sahani ilikuwa imesimama tuli. Tena ulikuwa mpana, wa chuma butu, na aliyeuchora alikandamiza kwelikweli.

Mfukoni, funguo zililia tena.

Fundi angeweza kusema imekufa, kila mtu akashika njia yake, naye akaenda kulala usingizi wake. Lakini mjane alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye gari linaloyumba.

"Mama," akasema taratibu, "humu mna sahani mbili. Ya chini haijaguswa, na huenda baadhi ya picha bado zimo."

Funguo zikanyamaza.

"Mbili?" akauliza shemeji mtu.