Hujambo ya Sanduku

Tangu Anael arudishiwe haki ya kumiliki bunduki, mkewe Ndeshi huamka kabla jogoo hajawika, akachemsha chai asiyoinywa. Sheria yenyewe ni nyepesi: mfungwa wa zamani hurudishiwa silaha yake, ila silaha hiyo hukaa ndani ya sanduku la serikali lililokaziwa ukutani, na sanduku halifunguki mpaka mke aliambie kila asubuhi kwamba hana jambo.

"Hujambo, mama?" liliuliza sanduku, kwa sauti tamu kama ya mkunga.

Aliyelitunga swali hilo alikuwa msomi, lakini sijui alilelewa wapi. Nani amewahi kusalimiwa hivyo akajibu vingine? Hata mgonjwa mahututi husema hajambo kwanza, ndipo aeleze anavyokufa.

Ndeshi aliutazama mlango wa jikoni. Tundu la risasi iliyompeleka Anael jela miaka sita lilikuwa limezibwa kwa nta, usawa wa bega lake yeye Ndeshi.

"Mimi..."

"Sijakuelewa, mama. Hujambo?"

Nyuma yake Anael alikuwa akifunga kamba za viatu. "Lijibu, Mama Ombeni. Fisi wamekula ndama wawili wiki hii."

Hakuwa akisema uongo; mifupa ilikuwa bado zizini.

"Sijambo," ulimi ukasema wenyewe.

Kufuli likaachia. "Asante, mama. Siku njema."

Anael akaitoa bunduki, akaifuta kwa pindo la shati, akaitundika begani. Alipofika mlangoni akasimama, akageuka.

"Mbona leo umesita?"