Vikapu Vyenye Maongezi

Katika gulio letu la kazi za mikono pale Lindi, siku hizi hakuna mteja anayevuta mikanda ya kikapu kuona kama itahimili mzigo. Anakitia sikioni. Miyaa ya sasa hushika kila linalosemwa karibu yake wakati wa kusuka, na kikapu kilichosukwa kimya hakinunuliki.

Jumamosi dada mmoja alikisikiliza changu muda mrefu, akitabasamu peke yake.

"Bi Somoe, huyu anayekuuliza kama umekula ni mumeo?"

"Ndiye. Mchopa huyo."

"Na hapa anakucheka umeunguza wali! Kwenu ni hivi kila siku?"

"Tumezoea tu, mwanangu."

Hakuridhika. Akachukua cha pili, kisha cha tatu, anataka kujua nani kati yetu huanza utani na kama huwa tunanuniana. Mwisho akavibeba vyote.

Nyumbani miyaa mingine ilikuwa bado imelowekwa uani. Nikapakua chakula, tukala. Tulisikia vijiko vyetu na redio ya jirani. Nilitaka kumsimulia Mchopa habari za yule dada, lakini sikujua pa kuanzia. Naye alifungua mdomo, akaufunga.

Alipomaliza kunawa alitoka uani, akarudi na miyaa inachuruzika maji, akaniwekea mapajani.

"Anza kusuka, Somoe," alisema. "Nataka kukuuliza umeshindaje."