Kibao cha Punda

Katika darasa la jioni la watu wazima, aliyekosea nyakati za vitenzi vya Kiingereza alivishwa shingoni kibao cha mninga kilichochongwa sura ya punda. Alikivaa mpaka mwenzake akosee, au mpaka yeye mwenyewe asimame aeleze ya jana, ya leo na ya kesho bila mwalimu kugonga meza.

Chausiku, muuza maandazi, alikuwa amekivaa wiki nzima. Wateja wake walishaanza kumwita Mama Punda. Jioni hiyo alinyanyuka bila kuitwa.

"Haya, tusikie," alisema Mwalimu Ngwale, rula mkononi.

Akaeleza kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Jana mvua ililowesha kuni zake zote. Leo hajapika, na wateja wamerudi makwao na njaa. Kesho atawasha moto kabla ya adhana, kwa kuni kavu.

Rula ilibaki hewani, ikingoja kosa ambalo halikuja.

"Kivue," mwalimu alisema hatimaye. "Kaa nacho. Mwingine akikosea, umvishe."

Wenzake waliinamisha vichwa. Chausiku alikivua, akakipima mkononi, akakigonga kwa kidole. Kilikuwa kikavu kabisa.

"Simvishi mtu, mwalimu," alisema, akakifutika kwenye kanga yake.

Alfajiri maandazi ya kwanza yalifura kwenye karai, na chini yake masikio ya punda yalikuwa yakishika moto.