Bangili Chumbani mwa Mvuke

Mhudumu wa chumba cha mvuke, huko tumboni mwa meli ya kitalii, alimwomba Vasanti avue bangili. Vasanti akacheka. "Hizi bangili za mama yangu nitazivua siku nikifiwa na mume, na mume wangu yuko juu anakula keki."

Akaingia nazo, akakaa kando ya wifi yake.

"Wifi, tunapikwa kama viazi vya matobolwa!"

"Tulia uive," Vasanti akamjibu. "Kaka yako kashalipa."

Jasho likamtiririka. Alipojifuta mkono, akaona mstari wa kijani umeizunguka ngozi chini ya bangili. Akausugua. Ukazidi kukolea.

Dhahabu haiachi kijani. Mke wa mnunuzi wa dhahabu wa Segese analijua hilo kabla hajajua bei ya chumvi. Na ni juzijuzi tu mumewe alizichukua bangili zile, akazipeleka kwa sonara zing'arishwe kwa ajili ya safari. Desemba alikuwa azivae binti yao, bibi harusi.

Kwenye sitaha mumewe alimpokea kwa bashasha. "Vipi bibie, starehe nilizokuletea umezionaje?"

Vasanti akamnyooshea mkono. Bwana huyu aliweza kuitambua dhahabu bandia akiwa ng'ambo ya barabara. Sasa aliutazama mkono ule, hakuuliza kitu, akageuzia macho baharini.

Ndipo Vasanti akaanza kuzivua, moja baada ya nyingine, mumewe akiwa mzima mbele yake, mdomo umejaa keki.