Eneokazi Jepesi la Mama

"Nimeshaondoa vivuli, Mama," nilisema, nikirudi kwenye mipangilio ya eneokazi kwenye skrini.

Macho yake ya kupandikizwa yanaendeshwa na kompyuta yetu kuukuu ya Linux, na kila mwezi serikali hupunguza mgao wa kumbukumbu ya kompyuta kwa kila nyumba. Tulianza kwa kufuta mandhari, kisha rangi. Sasa watu anawaona kama mistari tu.

"Afadhali, mistari hainenepi," alinitania.

Kesho saa sita mchana mgao unapungua tena. Kwenye orodha ya sura alizohifadhi zimebaki mbili, yangu na ya mdogo wangu Tunu, na moja lazima ifutwe.

"Ondoa yako," alisema. "Wewe sauti yako naijua. Tunu ni bubu."

Nilishika kipanya kwa muda mrefu.

"Nitamalizia kesho, Mama."

Aliendelea kunitazama bila kupepesa macho.